Mkweche Mkali na Jamaa Zake: Kulitafutia Gari Dogo Majina

Livishe gari kiambishi ki-, utapata kigari. Liongeze ji, utapata kijigari. La kwanza limepunguza kimo. La pili limepunguza kimo na heshima pamoja. Na hata hilo la kwanza halina usalama. Mwulize mtu wa Garsen, huku kwetu kwenye delta ya Tana, "Kigari chako kimefika?" uone kama atakuitikia kwa bashasha. Udogo katika Kiswahili hupenda kuandamana na dharau, na anayetaka udogo mtupu, usio na dharau ndani yake, sharti atafute njia nyingine.

Nasema hivi kwa sababu ya gari moja dogo lisilostahili kudharauliwa. Huja kwenye kasha likiwa vipande vya plastiki, na likikamilika huwa ni Ford ya mwaka 1932 au jamaa zake wa zama zile. Ndiyo magari ambayo vijana wa California waliyavua madigadi na boneti, wakayatia injini kubwa, wakayashindanisha kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka. Wamarekani huliita hotirodi. Mwenye kasha huliunganisha, akalikata paa, akalishusha, akalichora, kisha akaliweka kabatini lisiguswe na mtu. Kazi hiyo imejaa istilahi, na karibu zote hutufikia kwa Kiingereza kana kwamba sisi hatujapata kuunda kitu kidogo.

Tumepata. Pita Garsen jioni, au simama Minjila pale njia ya Lamu inapoachana na ya Hola, utawaona watoto na magari ya waya. Bodi ni kopo la mafuta ya kupikia, tairi zimekatwa kwenye soli ya kandambili, na waya mrefu unapanda hadi kifuani mwa dereva, ambaye anakimbia nyuma ya gari lake huku akilipigia honi kwa mdomo. Watoto hao wana maneno ya kila sehemu ya gari lile. Fundi wa bodi aliye gereji ya jirani anayo yake, mwenye shamba la migomba kando ya Tana anayo, na waunda vyombo wa Kipini na Lamu wanayo tele. Kwa hiyo sisi walinzi wa lugha, mimi nawe, tuna kazi ya kukusanya kwanza. Kubuni kuje baadaye, tena kwa kiasi.

Tuanze na gari lenyewe. Neno limetoka Bara Hindi, ambako lilimtosha ng'ombe kulivuta. Kwetu nako halikuuliza juu ya injini: tuna gari la moshi, tuna gari la punda, na tulikuwa nayo kabla ya petroli kuzoeleka. Kinachohitajika ni magurudumu na mtu mwenye haja ya kwenda. Ukilipima neno kwa asili yake, gari la waya linalosukumwa na mtoto wa Tarasaa liko karibu zaidi na maana ya kwanza kuliko basi la Lamu. Basi tuyaache yale ya "gari bandia" na "gari la uongo". Ni gari, halina cha kuombea radhi.

Kichezeo ni neno safi: cheza, chezea, kichezeo. Hata hivyo lina masharti yake. Kichezeo huishi kwa kuchezewa na huisha kwa kuchezewa. Kikivunjika kimetimiza ahadi. Mwanasesere yumo humo, na karagosi pia, yule mgeni mwenye asili ya Kituruki aliyetokea kwenye michezo ya vivuli. Gari la waya ni kichezeo bora, tena hodari. Lakini gari la kasha, ambalo mwenyewe huvunja kidole cha mtoto kwa macho kabla hakijalifikia, ukiliita kichezeo umelikosea. Linahitaji neno la kitu kilichoundwa kitazamwe.

Mfano? Ni pana mno. Mfano ni kisa cha mhubiri, ni sentensi ya mwalimu ubaoni, ni kufanana kwa mtu na babake. Ukisema "huu ni mfano wa gari", msikilizaji anasubiri uutaje wa pili. Sampuli nayo ni sehemu iliyochotwa kwenye kitu kizima: ukufi wa mchele ni sampuli ya gunia, ila gari dogo halikuchotwa kwenye gari kubwa. Ruwaza wameshaichukua wanaisimu na wanahisabati kwa mpangilio unaojirudia. Kigezo tumekitwika mzigo wa kupimia hoja na wagombea. Na modeli ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, kwa sababu madereva wetu wameipa maana ya toleo. "Ni modeli gani?" wanauliza, wakitaka mwaka. Utajikuta ukisema modeli ya modeli ya 1932.

Limebaki moja, nalo ndilo nalipigia debe: kielelezo. Lianzie chini. Kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama. Kuelea pia ni kufahamika: maneno yako yamenielea. Ukikieleza kitu umekifanya kielee kwa mwenzio. Ukikieleleza umezidi kukifanya kielee. Na chombo cha kazi hiyo ni kielelezo. Mtu wa delta, ambaye mafuriko humfunza kila msimu tofauti ya kilichoelea na kilichozama, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Gari kubwa likipita barabarani limezama katika vumbi lake na haraka yake. Kielelezo chake kinaliinua juu ya uso wa maji, ukaona bawaba, ukaona ekseli, ukaona jinsi paa linavyokaa juu ya nguzo zake.

Na kielelezo kinatudai deni moja kubwa pwani hii. Mtepe, kile chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, umetoweka baharini tangu nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Leo anayetaka kuujua huenda Jumba la Makumbusho la Lamu akautazame katika umbo lake dogo. Lau mafundi walioliunda umbo hilo wangeona kuunda kidogo ni mchezo wa kitoto, tungebaki na jina peke yake, tukabishana juu ya umbo. Neno linalobeba amana ya namna hiyo halifai kuwa kichezeo.

Sasa kipimo. Wanafunzi wa Kenya hujifunza skeli wanaposoma ramani, na neno limeshika. Sioni haja ya kulifukuza. Ila lina ndugu aitwaye uwiano, tena ndiye mwenye siri. Wia ni kuwa kwa ajili ya mwingine, kama tunaposema "niwie radhi". Wia ni kudai pia, ndiyo maana mwenye deni amewiwa. Kuwiana, basi, ni vitu viwili kuwa kila kimoja kwa mwenzake, vikidaiana sawasawa. Napendekeza tugawe kazi: skeli iwe ile nambari iliyoandikwa kwenye kasha, na uwiano uwe hali ya kila sehemu kuitii nambari hiyo. Gari la waya mara nyingi halina skeli, kwa maana kopo ndilo lililoamua urefu, lakini mtoto mwenye jicho hulipa uwiano wake.

Nambari zenyewe ni raha kuzitamka kwa Kiswahili, iwapo hatutaogopa. Vielelezo vingi vya magari ya Kimarekani hufuata moja juu ya ishirini na tano, na vingine moja juu ya ishirini na nne. Tunazo thuluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni na ushuri, zimelala kwenye kamusi kama vyombo vya arusi visivyopakuliwa. Humusi ya humusi ni moja juu ya ishirini na tano, kamili. Thuluthi ya thumuni ni moja juu ya ishirini na nne. Au useme robo ya sudusi, upendavyo. Ford ya 1932, ambayo ekseli zake zimeachana kwa sentimita 269, ukiifanya humusi ya humusi ekseli huachana kwa sentimita 10.8 hivi. Wazee walioita senti hamsini sumuni hawataona ugeni wowote hapo.

Tufike kwa mkubwa wa makala, hotirodi yenyewe. Kuitafsiri neno kwa neno ni kujitafutia kicheko: ufito wa moto ni nini, kama si kijiti cha kuchokolea jiko? Wamarekani wenyewe hawajaafikiana rodi ni ipi, wengine wakisema ni kifupisho cha jina la gari la wazi lisilo paa, wengine wakitaja vyuma vya ndani ya injini. Kisichoeleweka kwao hakitaeleweka kwetu kwa kukigeuza herufi. Hotirodi kama neno la kukopa halina ubaya, linatamkika, linaandikika. Ila ni bubu. Halimwambii msomaji wa Garsen kitu.

Nairobi itatupa nganya, na tuipokee kwa adabu. Nganya ni matatu iliyopambwa kwa michoro, taa na muziki mzito, nalo neno limezaliwa kwenye Sheng, ambako kabla yake palikuwa na manyanga. Mimi hulisikia la kwanza ndani ya la pili, silabi zikiwa zimebadilishana viti. Na manyanga, kabla hayajapanda barabarani, yalikuwa ngomani: ni vile vibuyu vya kutikiswa vyenye punje ndani. Ukoo mzuri huo, wa kelele kwa kelele! Hata hivyo nganya hupambwa ikiwa mpya, na hupambwa ili ijaze abiria. Hotirodi huanza na uchakavu, na haina abiria wa kumvutia. Kuiita nganya ni kumpa bibi jina la mjukuu.

Kwetu gari lililochakaa lina jina lake: mkweche. Neno hili halihitaji kuelezwa mahali ambapo barabara imewahi kuwa ya vumbi. Mkweche ni gari ambalo mlango wake hufungwa kwa kamba na safari yake huanza kwa dua. Lina kejeli, lakini lina mapenzi ndani, kwa sababu mkweche ni gari lililokataa kufa.

Lipe mwenzake: kali. Hakuna sifa ya Kiswahili yenye kazi nyingi zaidi. Kisu kikali, pilipili kali, mwalimu mkali, mbwa mkali, dawa kali. Mkali wa soka ni bingwa wake. Na jua kali, ambalo lilianza kama hali ya hewa tu, limekuwa nchini Kenya jina la sekta nzima ya mafundi wanaotengeneza kila kitu nje, chini ya mbingu. Katika silabi mbili hizo mna joto, mna kasi, mna ubingwa, na mna ufundi wa kutumia kilichopo. Sasa yaweke maneno mawili hayo pamoja: mkweche mkali. Wingi, mikweche mikali. Joto la hotirodi limo, uzee wake umo, na ubishi wake umo pia, maana ni mzee mwenye meno. Atakayesema mkweche ni tusi, na angoje. Mwenye gari ndiye atakayelitamka kwanza, kifua mbele.

Tufungue kasha. Ndiyo, kasha, neno lililoletwa na Wareno likaolewa pwani. Wapo wanaopendekeza kivunge kwa seti ya vitu vilivyokusudiwa kazi moja, na si neno baya, ila vunge ni fungu lililofumbatwa, kama vunge la sufi, ambalo hakuna anayelihesabu ndani. Vya kasha huhesabiwa. Kasha pia hufunguliwa, na nusu ya furaha ya mambo haya ni kule kufungua.

Ndani yake mna nini? Si vipuri. Kipuri ni cha akiba, hungoja kingine kiharibike. Si vipande pia, kwa kuwa kipande kimekatika kwenye kitu. Ni viungo. Kiungo ni kile kinachotazamia kuungwa: goti na kiwiko ni viungo, na vile ambavyo mpishi huungia pilau yake ni viungo pia. Najua msomaji wa Kipini ataiona iliki kabla hajaiona injini. Haidhuru. Atakuwa ameelewa jambo la msingi, kwamba hivi peke yake havina ladha.

Viungo hivyo huja vikiwa bado vimeshikamana na fremu yake, jinsi vilivyotoka kwenye mtambo wa kumiminia plastiki. Wenye Kiingereza wana neno la kiwandani la fremu hiyo, gumu hata kwao. Sisi twende shambani. Mkungu wa ndizi una vichane, na kila kichane kina ndizi zake zilizojipanga. Fremu ni kichane. Pale kiungo kinaposhikana nayo, pembamba kama kishikio cha embe, ni kikonyo. Na kitendo cha kukitoa tumepewa bure na mzizi uleule: kukonyoa. Kichane, kikonyo, konyoa. Sidhani kuna lugha iliyojipanga kwa kazi hii vizuri zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ilikuwa imejipanga.

Kitenzi cha kazi nzima ni kipi? Kujenga ni kwa nyumba na taifa. Kutengeneza ni kwa kila kitu, kwa hiyo si kwa chochote. Magazeti yetu husema kuunganisha magari, yakitaja viwanda kama Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa na Kenya Vehicle Manufacturers cha Thika, ambako viungo vya ng'ambo huja kwenye makasha yake makubwa na kutoka vikiwa malori na mabasi. Kuunda ni kwa vyombo: jahazi huundwa, nalo huanza kichwani mwa fundi kabla ya kufika ufuoni.

Tusivichanganye viwili hivyo. Tofauti yao ni dhahabu. Mwenye kasha anayefuata karatasi ya maelekezo anaunganisha. Akianza kukata, kupachika injini ya kasha jingine na kubuni madigadi yake, ameanza kuunda. Kampuni ya AMT ya Michigan iliijua tofauti hiyo mwaka 1958 ilipotoa makasha yanayoweza kukamilishwa kwa njia tatu: kama gari lilivyotoka kiwandani, kama lilivyopambwa, au kama la mashindano. Kwa mizani hii mtoto wa gari la waya, asiye na kasha wala karatasi, ni muundaji tangu waya wa kwanza. Istilahi sahihi wakati mwingine hupanga watu upya kwenye viti.

Gundi ni ya kukaa katikati ya vitu viwili ikivishika mikono. Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege, unanata bila kuunga. Ile dawa ya majimaji inayotumika kwenye plastiki haifanyi hivi wala vile: huyeyusha kidogo kila upande, na pande mbili zikaingiana zikawa moja. Hiyo ni lehemu. Fundi wa mikebe anaitumia kwa risasi na moto, lakini mzizi wake wa Kiarabu unakaa jirani na neno la nyama, na ndiyo sifa tunayoitaka, viwili kuwa nyama moja. Tuseme lehemu ya plastiki, na kiungo kilehemiwe. Mtepe ulishonwa, gari la waya hukunjwa na kusokotwa, mkweche mkali hulehemiwa. Kila uumbaji na kitenzi chake.

Msasa haupendekezwi, unasherehekewa. Ulikuwa mmea wenye majani ya kukwaruza, maseremala wakayatumia kulainishia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipokuja ikarithi jina bila ubishi. Siku hizi wanahabari husema walimu wamepigwa msasa, yaani wamenolewa semina nzima. Neno lililotoka kwenye jani hadi kwa mwalimu halitashindwa na bodi ya plastiki. Fila ya fundi wa bodi nayo ibaki kama ilivyo. Neno ambalo mikono yenye kazi imelikubali halina haja ya kubadilishiwa vazi na mtu wa mezani.

Katika rangi tunapoteza neno zuri kwa uvivu. Tunasema tabaka, na tabaka ni nzito: ni la mwamba, ni la jamii. Rangi ya gari halisi ni nyembamba kuliko milimita moja, na kwenye kielelezo ingepaswa iwe humusi ya humusi ya wembamba huo. Ukiipaka nene, mistari ya mlango inafukiwa na uwiano unakufa hapo hapo. Hiyo si tabaka, ni utando: kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyopoa. Pulizia utando mmoja, subiri, kisha mwingine. Neno lenyewe linamtuliza mkono mpulizaji.

Gari limekopa kwa chombo tangu zamani. Usukani ulikuwa sukani, ya nyuma ya jahazi, kabla haujahamia mbele ya dereva. Kwa nini mkopo ukome? Mkuku ni ule uti wa chini ambao chombo chote hujengewa. Chasisi ya fundi wa gereji ni kitu kingine, ni mihimili miwili iliyopingwa, na ibaki na jina lake. Lakini waya mmoja wa katikati unaobeba gari la mtoto ni mkuku kwa kila kipimo. Tukiupa jina hilo tumemwambia mtoto kwamba ufundi wake una wazee.

Yako mageuzi ya mkweche mkali ambayo kila moja linadai kitenzi. Kulifupisha paa kwa kukata nguzo zake: fundi cherehani ameshatupa kubana. Nguo hubanwa, paa libanwe. Kuishusha bodi ifunike mihimili ya chasisi: kuzamisha. Kulishusha gari zima liikaribie lami: vijana husema limelala, basi tulilaze. Nilivutwa na kupweleza, neno la chombo kuachwa na maji kikakaa juu ya mchanga, kwa maana mkao ni uleule. Ila kupwelewa ni msiba, na mkweche mkali hulala chini kwa maringo. Sauti nzuri haitoshi. Maana ikigoma, neno lirudi baharini.

Na jina la mageuzi yote kwa jumla? Kubinafsisha kumezungukwa na kumbukumbu za mashirika ya umma yaliyouzwa. Ukisema umebinafsisha gari, watu watauliza mnunuzi ni nani. Kupamba ni kuongeza juu tu, kama nakshi kwenye mlango wa Lamu. Kugeuza kunahofisha. Mafundi husema kazi hii ina mkono wa fulani, na hapo ndipo penye neno: kulitia gari mkono. Gari lenye mkono halikutoka kiwandani tu, limepita kwa mtu. Kutia mkono ni kutia saini pia, na hiyo ndiyo maana ya ziada tusiyoilipia.

Miali iliyochorwa kuanzia boneti kwenda nyuma haihitaji mkutano wa istilahi. Ni ndimi za moto. Kiswahili kilikuwa tayari kimeona kwamba moto hulamba.

Amebaki mtu mwenyewe. Vitabu vya shule huita kazi ya kujifurahisha uraibu, lakini uraibu ulianza na tambuu na tumbaku, na mraibu wa leo yuko katika habari za dawa za kulevya. Usimwite mtu mraibu wa magari madogo mbele ya mama yake. Mwite fundi wa vielelezo. Fundi ni neno lisilouliza kama umelipwa.

Atakayeshangaa kwamba mapendekezo haya yametoka Garsen asome ramani ya lugha. Wanaisimu huweka Kipokomo na Kiswahili katika kundi moja la lugha za Sabaki, ndugu wa tumbo moja. Simulizi za Fumo Liongo, jabari wa ushairi wetu, zinazunguka Ozi na Kipini, mdomoni mwa mto huu huu wa Tana. Na mwaka 1963 Kenya ilipotaka wimbo wa taifa, ilichukua lahani ya bembelezi ya Kipokomo, kitu cha kumlazia mtoto, ikakikuza kufikia ukubwa wa nchi. Kama kidogo cha Tana kiliweza kukuzwa hivyo bila kupoteza uwiano, basi kikubwa cha California kinaweza kupunguzwa hapa hapa.

Istilahi hupimwa kwa kazi, kwa hiyo hii hapa karatasi ya maelekezo:

Fungua kasha uhesabu viungo kwenye vichane vyake. Konyoa kimoja kimoja, ukipige msasa pale palipokuwa na kikonyo. Lehemu injini kwanza, kisha uikalishe kwenye chasisi. Bana paa, zamisha bodi, laza gari kwa mbele. Pulizia utando mmoja, usubiri ukauke, uongeze wa pili. Chora ndimi za moto kutoka boneti hadi mlangoni, na hapo utakuwa umelitia mkono. Una kielelezo cha mkweche mkali, humusi ya humusi.

Isome kwa sauti, umsomee na fundi wa gereji, umsomee na mtoto mwenye gari la waya. Neno ambalo wote wawili watalikwepa lipigwe msasa, na likiendelea kukwaruza litupwe, nawe uweke lako.